Nilivyokwenda Uingereza Kutazama Paa

Wengi mmeniuliza mfanyakazi wa nyumbani wa Riyadh alifikaje Uingereza, na mnadhani nilikwenda kutalii. Nilikwenda kutazama paa. Wiki moja kabla ya safari, baba yangu, ambaye ni seremala huko kwetu Taita, alinipigia simu akiwa amenyong'onyea. Mchwa walikuwa wamekula vichwa vya boriti za kanisa letu, na kamati ilitaka kubomoa paa lote la mbao, lile alilolipandisha babu kwa mikono yake, iweke vyuma na mabati. Kikao cha kuamua kilikuwa Jumapili mara tu baada ya safari yangu.

“Wakesho,” akaniambia, “ramani ya kanisa hili ilitoka huko huko Uingereza unakokwenda. Makanisa yao ni makongwe kuliko letu. Nenda uone boriti ikioza wao hufanyaje. Niletee picha, niwazibe midomo hawa watu.”

Tuliondoka Al-Naseem, mtaa wetu wa Riyadh, Jumamosi asubuhi. Madam, mwajiri wangu, alikuwa amekodi nyumba katika kijiji cha Uingereza ili mama yake akimbie joto, na kazi yangu ilikuwa kumtunza huyo mama, ambaye sote tulimwita Hajja. Nilifunga mabegi kumi na moja. Moja lilikuwa la tende na kahawa tupu, utadhani Uingereza watu hawali.

Jidda tulilala usiku mmoja nyumbani kwa Hajja, mtaa wa Aziziya. Alasiri alimtaka dereva atupeleke mji wa kale akaisalimie nyumba aliyozaliwa. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe, na roshani zake za mbao zimetokeza juu ya kichochoro. Mlango ulikuwa na pete nzito ya chuma. Hajja aliishika, akaizungusha, akasukuma kwa bega.

“Mlango wa zamani hauombwi,” akaniambia kwa Kiarabu chake cha pole pole. “Unasukumwa.”

Uingereza ilitupokea kwa mvua. Kutoka dirisha la jikoni niliona kanisa la kijiji: mawe ya kijivu, mnara mfupi mnene, jogoo wa chuma juu yake, na makaburi yaliyoinama huku na huku. Siku nne nililitazama mikono ikiwa kwenye sahani. Lilikuwa hatua mia mbili tu, lakini kila nikitaka kuchomoka, mtu ana njaa. Roho iliniuma kweli. Tungeondoka Ijumaa jioni.

Ijumaa asubuhi Hajja aliweka kikombe chake chini. “Kila siku unatazama ule mnara. Una nini nao?”

Nikamweleza yote, babu, mchwa na kamati. Akachukua fimbo yake. “Yalla, twende.”

Tulifika mlangoni, nami nikauona umefungwa. Kwetu kanisa likifungwa, ufunguo uko kwa mzee wa kanisa, nawe huna budi kungoja. Basi nikabisha kwa adabu. “Hodi!” Kimya. Nikazunguka nyuma, nikaita tena, nikarudi. Robo saa nzima nilipiga hodi mvuani, machozi yakinilenga, nikijua ndege yetu ni jioni. Hajja akanisogeza kando kwa fimbo, akaishika pete ya chuma, akaizungusha, akatia bega. Mlango ukafunguka. Haukuwa na hata kufuli.

Ndani kulinukia nta na mawe baridi. Upinde mmoja wa mawe ulikuwa wa mviringo na wa pili umechongoka, kana kwamba fundi alibadilisha mawazo katikati ya kazi. Ncha za viti vya mbao zilichongwa majani na sungura. Nikainua macho juu, na nikasahau viti. Boriti zilikuwa nyeusi kwa uzee, lakini kule zinakokutana na ukuta nyingine zilikuwa na rangi ya asali. Ili kupiga picha vizuri, nililala chali sakafuni.

Hivyo ndivyo alivyotukuta mama mmoja wa kijiji aliyeleta maua: Mwafrika kalala chini, na bibi wa Kiarabu kamsimamia na fimbo.

“Amezimia?” akauliza kwa hofu.

“Mafi mushkila,” Hajja akamtuliza kwa Kiarabu, yaani hakuna shida.

Niliinuka nikajieleza kwa Kiingereza. Yule mama alicheka mpaka maua yakamponyoka, kisha akanionyesha kwa kidole. Boriti ikioza kichwa, alisema, wao hukata kichwa tu. Huunga mti mpya kwa mkato wa mshazari, wakaushika kwa misumari ya mbao. Upinde wa mviringo ulijengwa na watu wa kwanza, uliochongoka na wajukuu wa wajukuu wao, na mnara ukaja baadaye kabisa.

“Lilimalizika lini?” nikauliza.

“Halijamalizika,” akajibu. “Mwaka jana tumeunga boriti ile pale.”

Nilipiga picha arobaini, nikamtumia baba zote kabla hatujatoka kanisani.

Jumapili nilikuwa nimerudi Riyadh, nikingoja habari za kikao na kupiga pasi kanzu moja ya bosi, mume wa Madam, mara tatu. Simu ikalia.

“Wamekubali,” baba akasema. “Tunakata vichwa tu.” Nikalia kwa furaha, kanzu ikalowa, nikaipiga pasi mara ya nne.

Nilimwambia pia habari ya mlango usio na kufuli. Akasema hilo litahitaji kamati nyingine.

Mkataba ulipokwisha nilirudi Taita. Siku iliyofuata baba alinipeleka kanisani, akaegemeza ngazi ukutani. Boriti za babu zilikuwa pale pale, nyeusi, na vichwa vyake vipya viking'aa. Nilikuwa nimefikiri kutunza kitu cha wazee ni kukiacha kama walivyokiacha, kumbe ni kukiongezea mkono wako. Kwenye kiungo cha mwisho, msumari mmoja wa mbao ulikuwa umetokeza nusu. Mwaka mzima baba alikuwa amemkataza kila fundi kuugusa.

“Huo ni wako,” akasema, akanipa nyundo.