Mchanga wa Samaki wa Baba Mkubwa

Harufu ya yai viza hunirudisha Ruring'u hata leo. Siku ile ilitoka katika lundo la mchanga mweusi uliokuwa umemwagwa kando ya ua wa miti ya miiba ya kaiyaba, nyuma ya nyumba ya Baba Mkubwa, na kila upepo ulipoteremka kutoka mlimani ilituingia puani, mimi na dada yangu Wangeci, tukiwa tumesimama uani na viatu mkononi. Tulikuwa tumevivua ili visichakae kwa safari ya miguu kutoka Giakanja, kisha tukaogopa kuvivaa tena kwa sababu nyayo zetu zilikuwa na matope. Mama alisimama nyuma yetu, amefunga kitambaa chake cha kanisani. Ilikuwa miaka michache baada ya bendera yetu kupandishwa. Wazungu waliokuwa wakiondoka waliuza vitanda, vyombo na mbwa wao, na Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu na karani wa serikali mjini Nyeri, alikuwa amenunua kwa mmoja wao tangi la kioo lenye fremu ya chuma, pamoja na samaki wekundu waliokuwa wakiogelea ndani yake. Katika mtaa mzima hapakuwa na mtu mwingine aliyefuga samaki wasioliwa.

Alituonyesha tangi lile kabla hata ya kutukaribisha kuketi. Lilikuwa mezani sebuleni, nusu tupu, na samaki walikuwa wamehamishiwa kwa muda ndani ya karai. Mchanga wa zamani, alieleza, ulikuwa laini mno. Ulishikamana kama ugali uliolala, kinyesi na makombo vikanaswa ndani yake, vikaoza, ndiyo maana ukanuka vile. Alieleza pia kwamba samaki hawa hula kwa kuvuta mchanga mdomoni, kuufyonza na kuutema, kwa hiyo punje zikiwa na ncha kali huwachana midomo. Alisema haya kwa upole mwingi, kama mtu anayezungumzia watoto wachanga. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na sikuwahi kumsikia mtu mzima akihangaikia mdomo wa kiumbe chochote kwa namna ile. Nilimpenda papo hapo.

Kisha akamgeukia mama. Alikuwa ameahidi, baba alipozikwa, kwamba atamchukua mtoto mmoja wa marehemu aishi naye na kusoma shule ya mjini, yenye madirisha ya vioo na walimu waliohitimu.

"Mama Wangeci, niko na kitanda kimoja. Nani anabaki?"

"Wote ni wako," mama alijibu.

"Sikuuliza ni wa nani. Nimeuliza nani anabaki."

Mama alitazama sakafu. Mkewe Baba Mkubwa, ambaye sote tulimwita Mama Njoki, alikuwa mlangoni akimenya viazi, naye akacheka. "Si uwaangalie meno tu, kama mbuzi wa soko?"

"Hapana," Baba Mkubwa alisema, na nikaona wazo likimjia na likimfurahisha. "Tutaangalia akili. Kila mmoja aniletee mchanga wa kuweka hapa chini. Kabla shule hazijafunguliwa, nitawaita wageni, tuone. Ambaye mchanga wake utawafaa samaki, huyo atalala hapa."

Hivyo ndivyo mimi na dada yangu tulivyoingia mtoni. Gura ni mto wenye hasira. Maji yake hushuka kutoka misituni yakiwa baridi kiasi cha kuumiza mifupa, na mchanga hupatikana tu pale yanapopinda na kutulia kidogo nyuma ya mawe makubwa. Wangeci alikuwa amenizidi miaka miwili na alijua kila kitu. Alinifundisha kutia mchanga ndani ya chupa ya maji, kuitikisa na kuiweka juu ya jiwe: maji yakibaki mekundu, kuna udongo ndani yake. Alinifundisha kuchekecha kwa gunia kuukuu lenye matundu ili vumbi lipite na punje zibaki. Na kwa kuwa bibi yetu alikuwa akipima unga kwa meno, ili kujua kama jiwe la kusagia limeacha chenga, nasi tulipima mchanga kwa meno. Tuliuviringisha ulimini, tukauuma polepole, tukautema. Uliokwaruza ufizi tuliumwaga. Tulirudi nyumbani jioni na midomo yenye ladha ya chuma, na uji ulipotiwa bakulini bado tulisikia punje zikilia kati ya magego.

Mchanga nilioupata mimi ulikuwa wa kijivu, wenye madoa meusi kama pilipili manga, na haukuwa na uzuri wowote. Niliuosha hadi ngozi ya vidole ikapasuka. Wangeci angeweza kuchota kutoka palepale. Mchanga ulikuwa mwingi, na mikono yake ilikuwa hodari kuliko yangu. Lakini alisimama akiutazama, akakunja uso. Hakuona vipi mtu angempelekea Baba Mkubwa kitu cheusi cha mtoni, mbele ya wageni, baada ya heshima aliyotufanyia. Kesho yake alichukua kiondo akaenda juu ya genge ambako mbuzi wa bibi walipelekwa kulamba udongo wa chumvi, ule tunaouita munyu. Watu walitoka mbali kuleta mifugo yao pale. Ng'ombe aliyekonda alipelekwa huko na kurudi aking'aa. Wangeci alibandua magamba meupe, akayaponda, akayachekecha, akachagua punje moja moja zilizo duara, na alipomaliza alikuwa na kiondo cha kitu cheupe kizuri mno, kama sukari.

"Hutauosha?" nilimuuliza.

"Nioshe nini? Nikiuosha nitatoa utamu wote. Wale samaki wanakula mkate mkavu tangu waletwe. Hujaona walivyo wembamba?"

Siku ya wageni ilikuwa ya baridi yenye jua, na mlima ulionekana wote. Walikuja makarani wenzake Baba Mkubwa, mzee mmoja wa kanisa na wake zao, wakaketi kwenye viti uani na kunywa chai kwa mandazi. Mabeseni mawili ya bati yalikuwa juu ya benchi, kila moja na samaki mmoja ndani. Mama aliketi kwenye kizingiti cha jikoni. Niliitwa kwanza. Baba Mkubwa alichota mchanga wangu, akausugua kati ya vidole, akaunusa, akaniambia nimwage. Maji yalichafuka kidogo, kisha yakatulia. Samaki akashuka chini, akavuta punje mdomoni, akazitema. Wageni wakapiga makofi kana kwamba mimi ndiye niliyetema.

Kisha akamwita Wangeci. Baba Mkubwa aliuona weupe ule, akachukua punje kidogo, akagusa kwa ncha ya ulimi. Nilikuwa karibu naye. Niliona midomo yake ikitabasamu.

"Umetoa wapi?"

"Kule mbuzi wanakolamba, Baba Mkubwa. Ni ya chumvi. Nzuri kabisa."

Wageni walicheka. Yeye aliomba chupa ya siki, akadondosha matone juu ya kiganja kilichojaa mchanga ule, na povu likatokea. Aliinua kiganja ili wote waone. "Mzungu alinifundisha hii," aliwaambia. "Ukitoa povu, maji yanageuka na samaki hawezi kuishi." Aliwaambia wageni. Hakumwambia Wangeci. Nilingoja amwambie auchukue kiondo chake aondoke. Badala yake alijipangusa mkono kwa leso, akasema, "Haya, mwaga."

"Lakini umesema..."

"Mwaga wote. Mtihani ni mtihani."

Wangeci aliumwaga. Maji yakawa maziwa. Wageni wakarudia chai yao na mazungumzo ya nani amenunua shamba gani, na sisi tukaachwa tumesimama kando ya benchi. Kwanza samaki alizunguka kwa kasi akigonga ukingo wa beseni. Baadaye alipanda juu, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Ute mweupe ulianza kumtoka mwilini. Wangeci alipiga magoti hadi uso wake ukawa sawa na maji.

"Baba Mkubwa, nimtoe?"

"Mwache."

"Nimwekee maji mengine tu?"

"Nimesema mwache. Ajifunze."

Sikujua, na sijui mpaka leo, kama aliyepaswa kujifunza ni dada yangu au samaki. Mke wa karani mmoja aliinama kutazama, akasema "maskini", akachukua andazi jingine. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ua samaki alipolala ubavu. Mama Njoki alipita na birika, akachungulia. "Chumvi imekolea sasa," alisema, na kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Wangeci aliamriwa amtoe kwa mkono na kumzika katika lile lundo linalonuka. Alichimba kwa vidole. Aliporudi, Baba Mkubwa alitamka hukumu yake bila hasira yoyote, kwa sauti ileile aliyotumia kuzungumzia midomo ya samaki. "Huyu mdogo atabaki. Huyu mwingine anafikiri kila kilicho kizuri kwao ni kizuri kila mahali. Shule haitamsaidia."

Mama aliinuka, akamshika Wangeci mkono. Hakumwangalia mtu. Langoni dada yangu alijitoa mkononi mwake, akanirudia mbio, nami nikadhani anataka kunikumbatia au kunipiga. Alinong'ona tu, "Uuoshe tena kabla hawajautia ndani. Bado uko na vumbi." Mkono wake ulinuka mayai viza.

Nililala katika kitanda kile kwa miaka yote ya shule. Mchanga wangu ulikaa chini ya tangi miaka hiyo yote, na kazi ya kuuosha ilikuwa yangu. Nilifaulu, nikaenda chuo cha ualimu, na huko, siku tulipodondosha asidi juu ya chokaa na povu likapanda, nililazimika kutoka darasani. Nimefundishwa kwamba mtu ahukumiwe kwa kuzingatia nyakati zake. Nimejaribu. Najua hakuwa na kitanda cha pili, na najua kwamba bila yeye nisingeandika sentensi hizi. Lakini kitanda kimoja hakikumlazimisha amwache mtoto atazame mpaka mwisho, na kwa hilo bado simwachilii. Sasa ni mzee aliyestaafu. Tangi lilipasuka, na Mama Njoki hulea vifaranga ndani yake.

Mimi nafundisha Kangema, katika nchi ya majani chai, na nimepewa nyumba ndogo ya mwalimu. Nilipoingia humo niliweka kitanda cha pili kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, nikampelekea habari, kisha nikaenda Giakanja. Wangeci ana mabinti watatu. Alikuwa amewaogesha, amewapaka mafuta na kuwapanga ukutani, kutoka mkubwa hadi mdogo. Nilikuwa nimeapa tangu utotoni kwamba sitamweka mtoto yeyote mahali pale, na nikamwambia hivyo: kwamba sitachagua, kwamba tungoje mpaka nipate nyumba kubwa, kwamba haki haigawanywi namna hii. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umeongea vizuri," alisema. "Sasa kitanda kile kitalaliwa na maneno?" Akanyoosha kidole bila kufikiri. "Chukua Wairimu. Hao wengine watazoea. Mimi si nilizoea?"

Wairimu ndiye wa katikati. Hawazidi wenzake kwa akili wala hana upungufu. Sasa analala kitanda cha pili, anaosha vyombo kabla hajaambiwa, na hachukui kipande cha pili cha mkate hata nikimsukumia sahani. Wiki iliyopita, akichagua mawe katika maharagwe, aliuliza bila kuinua uso, akiniita kama kwetu tunavyowaita mama wadogo, "Tata, nilifanya nini vizuri?"

Nilielewa mara moja anachouliza. Mimi nilipokuwa na umri wake nilikuwa na jibu: mchanga wangu ulikuwa safi. Lilikuwa jibu la uongo, lakini niliegemea juu yake miaka mingi. Naamini watoto wanastahili ukweli, na huo ndio nilioutoa.

"Hukufanya kitu, Wairimu."

Aliacha kuchagua. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa afungashe nguo zake, kisha akarudi kwenye maharagwe, akaanza upya tangu punje ya kwanza.