Pingu ya Kitenge

Juzi kwenye kituo cha treni cha Liverpool, hapa Sydney, nilimwona mama aliyemfunga mwanawe mkanda kiunoni asipotee, nikasikia harufu ya samaki wakavu.

Nilipokuwa mdogo, tulikuwa wageni hapa. Siku moja dukani, mtaa wa Bankstown, mama yangu alinifunga mkono kwa kipande cha kitenge, ncha ya pili akajifunga yeye, kisha akaanza kubishania bei ya samaki wakavu.

"Mama, nifungue hii pingu! Mimi si mbuzi."

"Mbuzi ningemwachia. Akipotea nanunua mwingine."

Watu walicheka. Nilidhani ananiadhibu. Nilipokua ndipo aliponiambia: tulipokimbia vita, aliuachia mkono wa kaka yangu kwenye umati, mara moja tu, na hakumwona tena.

Siku hizi nabishania kila bei, kama yeye. Kwa fundo lile sina ubishi. Asante, mama.