Ukuta Unaokunywa

Harufu ya rangi mbichi hunifunga koo. Si ugonjwa, msiniambie niende hospitali. Mjukuu wangu ameshaniambia mara nne. Mwezi uliopita alileta fundi wa kupaka chumba changu cha mbele, hapa hapa nyumbani, njia ya kwenda Bumala. Fundi mwenyewe ni msichana, amevaa suruali, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Nilimpenda upesi. Kabla hajafungua mkebe wowote aliniambia, "Kukhu, naomba maji kidogo." Kukhu kwetu ni bibi. Nikadhani ana kiu, basi nikampa maji kwa ile glasi ya wageni. Hakunywa. Aliyarusha ukutani, pwaa, akasimama mkono kiunoni akiangalia yanavyoingia, huku anakunja vidole kimoja kimoja. Kisha akaenda upande wa jikoni akarusha tena.

Mimi niliondoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba na kuku. Nilikuwa na hasira nisiyojua niielekeze wapi, maana walionitia hasira hiyo wameshakufa wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni mimi.

Nitawaeleza, ila mnivumilie. Mimi nikitoka kwenda mahali hupitia kwa majirani wote kwanza.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, wakati ndugu zetu wa upande wa Uganda walikosa chumvi na sabuni, wakawa wanavuka mpaka kuja Busia kutafuta. Siku hizo kitu chochote kikipotea kwetu, watu walikuwa na neno moja tu. Blanketi halipo kwenye kamba? Limevuka. Kuku hajarudi jioni? Amevuka. Jirani yetu mmoja alipoteza meno yake ya bandia kwenye harusi, na hata hayo wakasema yamevuka. Tulicheka. Lakini mama yangu alikuwa mtu wa ng'ambo, alizaliwa Lumino, upande wa Uganda, Msamia kama sisi, lugha moja, ukoo unaojulikana. Kila mtu aliposema kimevuka, kuna jicho moja lilimgeukia. Mimi nilikuwa mtoto, sikuliona.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba. Wakulima walileta magunia yao, yeye anatundika, anasoma, anaandika. Mkulima akilalamika, Baba alimjibu, "Mimi sibishani, mimi napima." Alisema hivyo hata nyumbani, hata juu ya ugali. Viatu vyake vilinuka vumbi la pamba na mafuta ya mashine, na mpaka leo nikinusa mafuta hayo hunyoosha mgongo kama ninayekaguliwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, mabati juu, vyumba vitatu. Kila Desemba Mama aliikandika kwa mkono, mavi ya ng'ombe na udongo mweupe wa mtoni, na viganja vyake viliacha alama za nusu duara ukuta mzima, kama magamba ya samaki. Tulikatazwa kuegemea. Alijua kila mahali pa ukuta ule: hapa mvua hupiga, hapa mchwa walipita, hapa Nabwire alichimba akala udongo. Nabwire ndiye mimi. Nilikuwa na miaka minane, na ni kweli nilikula.

Mwaka huo dada yangu Ajiambo alichumbiwa, na watu wa Namboboto wakatuma habari kwamba Jumamosi fulani wataleta ng'ombe wa mahari. Baba akaamua kwamba wageni hawatakuta nyumba ya magamba. Alikuwa ameona nyumba za wafanyakazi wa reli kule Malaba, zimepakwa rangi ya buluu, akazitamani. Akamleta fundi kutoka huko huko Malaba, mtu wa kofia na masharubu, aliyesema nyumba zile alizipaka yeye kwa mkono wake.

Fundi alizunguka nyumba yetu kwa hatua ndefu, akihesabu kwa sauti. Akaandika kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, akakunja uso, akasema, "Mzee, galoni tatu. Na itabaki ya kupaka choo."

Baba alifurahi kama amesomewa mizani.

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Nyumba za Malaba ni za simiti," alisema. "Hii ni udongo, itakunywa. Leteni sita."

"Mama, ukuta si ng'ombe," fundi akasema.

Baba akacheka. Shangazi yangu, dada yake Baba, akacheka mpaka akashika mlango. Na mimi nilicheka, niwaambie ukweli. Nilicheka kwa sababu Baba amecheka.

Kesho yake asubuhi sana nilitoka kwenda kujisaidia, umande bado uko kwenye nyasi. Nikamwona Mama nyuma ya nyumba ameshika lile kopo la mafuta ya kupikia, tulilotumia kuchotea maji kwenye mtungi. Alirusha maji ukutani. Akasimama. Akaenda pembeni, akarusha tena, akasimama, vidole vinajikunja. Nikafikiri, ana hasira kwa vile jana walimcheka, na kwa vile hawezi kummwagia Baba anaumwagia ukuta. Nikarudi kulala.

Rangi ililetwa kutoka duka moja la Busia, mikebe mitatu, ikawekwa chumba cha mbele. Jumanne mjomba wangu Wandera, ndugu yake Mama, alikuja kwa baiskeli akatuletea samaki wakavu. Alikunywa chai, akaondoka na gunia la chumvi limefungwa nyuma. Lile gunia nalikumbuka vizuri kwa vile nililisukuma alipokuwa anapanda baiskeli. Lilikuwa la chumvi.

Fundi akaanza Jumatano. Lo, ile harufu! Tulikaa nyasini tukiangalia ukuta wa mbele unageuka buluu, na majirani walisimama njiani. Lakini saa sita jua lilipowaka, buluu ikaanza kuzama. Magamba ya Mama yakarudi moja moja, kama sura ya mtu unayemfahamu inayotokea kwenye moshi. Fundi akapaka tena. Ukuta ukanywa. Akapaka mara ya tatu. Siku ya Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, nilimsikia anakwangua chini ya mkebe wa mwisho, krr, krr. Alikuwa amemaliza ukuta wa mbele na kufika dirisha la ubavuni. Kuta mbili na nusu zilikuwa bado udongo, na ng'ombe wa Ajiambo wanakuja keshokutwa.

Mtu huyo angeweza kusema, "Nilikosea." Neno moja tu. Nimelitamka mara nyingi maishani na sijafa. Badala yake alivua kofia, akajifuta, akamwambia Baba akitoka kazini, "Mzee, mimi nilihesabu mbele yako. Kuna mkono umepita kwenye hii mikebe."

Na shangazi, ambaye alikuwa anapepeta mtama pale, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuacha kupepeta, "Kwani mgeni wa baiskeli alikuja lini?"

Baba alituita watoto wote mbele ya mlango. Akauliza nani amemwona mtu na mkebe au kopo karibu na ukuta.

Mimi nilinyoosha mkono. Nilinyoosha kama shuleni, darasa la tatu, mtoto wa kwanza kujua jibu. Baba hakuwa ameniuliza kitu maishani mwangu, mwelewe hilo. Alikuwa mtu wa kuamuru. Sasa ananiangalia mimi, macho yote mawili.

"Mimi, Baba. Nilimwona Mama na kopo, kwenye ukuta wa nyuma. Asubuhi sana, watu bado wamelala."

Shangazi aliweka ungo chini.

"Muulize mtoto kopo lilikuwa na nini," Mama akasema.

"Simuulizi mtoto mara mbili."

"Muulize ilikuwa siku gani. Mimi nilipima huo ukuta, Baba Ajiambo. Nikakwambia sita."

"Ulijuaje zitaisha," Baba akasema, "kama si wewe uliyezimaliza?"

Nimekaa na swali hilo zaidi ya miaka hamsini, na kila nikiligeuza naona meno upande wa pili pia. Mtu anajua jambo kwa mikono yake, Desemba baada ya Desemba, anawaambia bure, wanamcheka. Jambo linatokea vile vile alivyosema. Halafu kule kujua kwake ndiko kunakuwa wizi! Angenyamaza, wangesema mbona hukutuambia. Niambieni ninyi mnaosoma, alikuwa na mlango gani wa kutokea?

Alitoka kwa mlango wa mbele, ule wa buluu. Alimfunga mgongoni mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya, akachukua kikapu na leso mbili. Aliponifikia alisimama. Nilidhani atanipiga, nikafumba macho.

"Umesema ulichoona, Nabwire," aliniambia. Akashika njia ya Busia, akavuka.

Baba hakumfuata. Alimwamuru fundi aoshe mikebe kwa maji, apake hayo maji kuta zilizobaki. Jumamosi nyumba yetu ilikuwa buluu mbele, na kwingine rangi ya maziwa yaliyochacha. Wageni walikuwa watu wa heshima, hawakusema kitu, isipokuwa mzee mmoja aliyeuliza kwa huruma kama mvua ilitukuta katikati ya kazi. Shangazi alipika ugali wa mabonge. Ng'ombe waliingia zizini bila mama wa bibi arusi kuwapokea, na Ajiambo alitoka kuamkia wakwe macho yamevimba. Yeye hakunisamehe mpaka alipozaa mtoto wa tatu, na hata hapo nadhani alichoka tu.

Mimi niliachishwa shule Jumatatu iliyofuata. Kulikuwa na wadogo zangu wengine wawili wa kuangaliwa, na shangazi alisema mgongo unamuuma. Ndiyo maana mkiona maandishi yangu yanapanda na kushuka msicheke. Darasa la tatu ndilo nililoishia, na mwandiko wangu umebaki pale pale na mkono umenyooshwa.

Mama alikaa ng'ambo misimu miwili ya mvua. Alirudi wazee walipotumwa kumchukua, na mbele ya wazee hao Baba alisema mambo ya nyumba yamalizwe. Hakusema, "Nilikosea." Alikuwa amejifunza kwa fundi, au fundi ndiye aliyejifunza kwake, sijui.

Siku ya tatu baada ya kurudi, Mama alichanganya mavi ya ng'ombe na udongo wa mtoni. Nilimchotea maji. Nikamwambia, "Mama, Krismasi bado." Akajibu, "Najua." Akaanzia mlango wa mbele, juu kabisa, kwenye buluu iliyokolea. Kiganja kwa kiganja, siku mbili, akaifunika yote. Baba alirudi kazini, akaegemeza baiskeli, akaangalia. Akaingia ndani akaomba chai.

Hayo yote niliyajua. Niliyabeba nikayazoea, kama goti langu hili la kushoto. Ila moja sikulijua mpaka mwezi uliopita. Mjukuu wangu alikuwa amefanya hesabu ya rangi kwenye simu, futi kwa futi. Nikiwa bado kule kwa kuku, nilimsikia yule msichana anamwambia, "Huu ukuta unakunywa, nimeupima kwa maji. Ongeza nusu ya hiyo." Mjukuu wangu akamuuliza anapima vipi. Akaelezwa: unarusha maji, unahesabu mpaka yapotee, yakiwahi kupotea unaongeza. Mjukuu akasema haya, akafuta hesabu yake. Ni hivyo tu. Ilichukua muda wa kumeza mate.

Mama alisema pale mlangoni kwamba alipima, na mimi nilisikia. Lakini katika ukoo wetu aliyepima ni Baba, ana chuma na karatasi. Mwanamke na kopo la mafuta ya kupikia, niliona hasira tu. Miaka yote hiyo nilimhurumia kwa hasira ambayo hakuwa nayo! Alikuwa anahesabu. Na nilijua ni maji, maana niliyaona yakimeta. Hakuna aliyeniuliza, sawa; lakini mdomo nilikuwa nao, nimeshautumia, ungeweza kuongeza neno moja. Maji, Baba. Nilikuwa naangalia tu kama Baba bado ananitazama.

Chumba changu kimependeza, krimu yote, hakuna mahali pamezama. Fundi alipoondoka nilibaki peke yangu na ile harufu. Nikachota maji kwa kopo, nikayarusha ukutani kwa hasira kabisa safari hii, vile nilivyodhani Mama alirusha. Rangi ilikuwa imekauka. Ukuta haukunywa hata tone. Maji yaliteremka yote, yakanilowesha miguu.