Springi za Kilo Tisini na Tano

Kaka yangu mkubwa alitaka kwenda mlimani mara moja tu kabla theluji haijaisha. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba majira mengine ya baridi hatayaona, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa treni imechelewa. Kisha akaniomba nimtengenezee pikipiki yake ya theluji, kwa sababu kila tuta lilikuwa linampiga mgongoni.

Mimi ni fundi wa magari huko Jordbro, huku Uswidi. Shokapu nazijua. Za mbele nilizichagua haraka: nyepesi, za hewa, pamoja na mikono mifupi inayozisogeza ski, ile miguu ya kuteleza ya mbele, karibukaribu, ili mashine ilale upande anapokata kona kwenye theluji laini bila kumtoa jasho. Za nyuma ndizo zilizonishinda. Za nyuma hubeba mtu, na muuzaji wa springi alitaka kujua uzito wa mwendeshaji akiwa amevaa kila kitu.

Ningemuuliza vipi? Kwetu Kivu, kumwambia mtu amenenepa ni kumsifu, na kumwambia amekonda ni kumchimbia kaburi. Nyumbani Rågsved, mizani tulikuwa tumeificha nyuma ya mashine ya kufulia. Mke wangu alimpunguzia suruali kimyakimya. Kanisani watu walimshika mkono wakimwambia anapendeza, waongo watupu, na mimi nilikuwa wa kwanza kati yao. Nikamwambia muuzaji kilo tisini na tano. Ndizo alizokuwa nazo aliponipokea uwanja wa ndege miaka ile, na nilijiambia atazirudia. Nilikuwa tayari kuamini upuuzi wowote.

Springi zikaja, nikazifunga. Jumamosi mchana nikampeleka gereji. Akapanda taratibu, akakaa. Mtu akikaa, nyuma inapaswa kushuka kidogo, vidole vitatu hivi. Haikushuka. Nikamwomba arukeruke. Akaruka huku ameshika usukani, akaanza kukohoa, na mashine ikabaki imesimama vilevile, kana kwamba hakuna aliyeipanda.

"Ulibaambia kilo ngapi?" akaniuliza.

"Tisini na tano, yaya," nikamjibu, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa.

"Huyo mutu ni nani?"

Nililia mbele yake, spana mkononi, nikamkasirikia yeye, daktari, Mungu na wote waliomwambia anapendeza. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, "Bapigie. Sema hamusini na saba, na manguo yote ndani."

Nikapiga simu, yeye akisikiliza. Niliitaja ile namba kwa Kiswidi. Muuzaji akasema springi laini kiasi hicho anazo, ila alitaka kuhakikisha jambo moja: je, mwendeshaji ni mtoto?

"Hapana," nikasema. "Ni kaka yangu mkubwa."