Siku Niliyopita Shambani kwa Mtani Bila Kumtukana

Pikipiki ya matairi mawili naijua, ndiyo inayonipeleka zahanati. Ya matairi matatu, yaani bajaji, ndiyo ya sokoni. Hii ya matairi manne, siku ya kwanza nilipoiona imesimama pale Mikindani, nilidhani ni gari lililoishiwa fedha kabla ya kupauliwa. Mjukuu wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Babu, hii ndiyo utakayoipanda keshokutwa."

Niseme kwanza mjukuu huyu ni nani. Yeye ni mtoto wa binti wa dada yangu. Wageni wakisikia hivyo wanasema basi si wako hasa, ni wa dada. Hapana. Kwetu Wamakonde ukoo hupita tumboni kwa mama, kwa hiyo huyu ni wa ukoo wangu kabisa. Wale waliozaliwa na binti zangu ni wa ukoo wa mke wangu. Nawapenda, nawanunulia maandazi, lakini siku ya msiba watakaa upande wa mama zao, na mimi nitabaki na huyu. Tena tunataniana kama ilivyo kwa babu na mjukuu: mimi namwita mke wangu mdogo, yeye ananiita mume wangu kibogoyo. Mke wangu mkubwa anasikia na kusema, "Mchukue tu, hata leo, na madawa yake ya mgongo usisahau."

Sasa huyu mjukuu alikuwa akitafuta kazi ya kuongoza wageni kwenye hizo mashine. Mwenye mashine ni mama mmoja wa kutoka nyanda za juu, alikuja Mtwara kwa sababu mumewe alihamishiwa bandarini, akaona nyumba za mawe za Mikindani zikampendeza, akakodi moja na kulaza wageni. Baadaye akanunua hizo mashine ili wageni wapande vilimani kutazama ghuba. Kwenye kibao chake kaandika "safari ya milimani". Mimi nikamuuliza, mama, milima ipo wapi? Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, kwetu hivi ni matuta ya viazi, lakini wageni wanapenda neno mlima. Usinivunjie soko." Tangu siku hiyo nikampenda.

Lakini alikuwa na jambo linalomkera. Kijana aliyemwajiri kwanza alipitisha mashine chini ya mikorosho ya watu wakati wa msimu. Sisi tuliolima korosho tunajua hilo ni kosa gani. Korosho huichumi mtini, inadondoka yenyewe ikiwa imeshikana na bibo lake, nawe unaokota. Kwa hiyo chini ya mkorosho unapalilia na kufagia, pawe peupe kama uwanja wa msikiti siku ya Idi. Mtu akipita hapo na matairi anazididimiza korosho mchangani, na majani yote aliyoyaburuta anakuachia. Watu wakaweka miiba njiani. Wageni wakarudi wana hofu, wakasema wanakijiji hawawataki. Kijana akaacha kazi. Yule mama akamwambia mjukuu wangu wazi: "Nitakujaribu mara moja. Leta mtu asiyewahi kupanda, umpandishe na umshushe salama, mimi nifuate nyuma nione. Ukifungiwa njia na wewe, nazihamishia mashine zangu ufukweni, na kazi hii haipo tena."

Basi yule asiyewahi kupanda nikawa mimi. Nisijisifu, sikuchaguliwa kwa sura. Wengine wote walikuwa mashambani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mjukuu alikuja na sharti lake. "Babu, kesho wewe ni mgeni. Wageni hawasalimii kila mti. Wewe ukianza za asubuhi, za watoto, za mgongo, za marehemu, tutafika Magharibi. Nakuomba, mdomo ufunge." Nikaapa. Na mimi nikiapa nimeapa. Nilisoma hadi darasa la nne tu, na mengi ya huko nimeyasahau, ila mwalimu wangu alinichapa kwa kusema uwongo na hilo lilibaki.

Asubuhi wakanivika kofia ngumu yenye kioo cha mbele. Ndani yake mtu anasikia pumzi zake mwenyewe kama yuko chini ya kitanda. Nikakaa nyuma ya mjukuu, miguu kwenye vikanyagio, ndala zangu miguuni, maana viatu walivyoniletea vilikataa vidole. Bosi akapanda ya kwake nyuma yetu. Mjukuu akasukuma mafuta kwa kidole gumba, na mashine ikakoroma.

Mimi nimezaliwa Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma, na mkoromo ule naufahamu: ni wa kiboko aliyekutwa na mtumbwi asipotarajia. Tulipokuwa wadogo tukivuka kwenda kwa shangazi upande wa Msumbiji, mpiga kasia alitukataza hata kukohoa. Nikajikuta na mimi nimebana kikohozi pale nyuma ya mjukuu, mtu mzima, juu ya mashine, kwenye nchi kavu.

Tukaanza kupanda. Jamani, ni raha. Nitaongopa nikisema niliogopa kwa muda mrefu. Njia ile nimeipanda kwa miguu maisha yangu yote nikiwa na mzigo kichwani, na mtu mwenye mzigo haoni kitu ila kisigino cha aliye mbele. Siku ile niliinua uso. Niliona minazi inashuka mpaka kwenye mikoko. Niliona mabibo mekundu na ya njano, harufu yake ikaingia mpaka ndani ya kofia, ile harufu tamu inayokaribia kuwa pombe. Na mjukuu wangu, kila tulipokaribia mkorosho uliofagiwa, alipunguza mafuta na kuzunguka kwa pembeni, kwenye majani, hata kama njia ya mkato ilikuwa inatuita. Hakuambiwa na mtu. Nilimtazama mgongo na kumwona dada yangu, aliyekuwa akifagia hata shamba la jirani kwa sababu jicho lake halikuvumilia.

Ukifika nusu ya kilima kuna shamba la mtani wangu. Ni bikizee wa rika langu, ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za babu wa babu. Chanzo chake kila mtu ana hadithi yake, ninayoijua mimi ni kwamba ugomvi wa zamani ulimalizwa kwa kuamua kwamba badala ya kupigana tutukanane mpaka mwisho wa dunia. Akinikuta sokoni anachukua samaki wangu na anakwenda nao. Mimi nikipita kwake nachukua mkungu wa ndizi. Mtu akikasirika amejiaibisha. Na hakuna kupita kwa mtani kimya. Ukipita kimya maana yake una kinyongo, au umemdharau, au kwenu kuna jambo baya unalificha.

Alikuwa ameinama anaokota korosho. Akainuka, akashika kiuno, akatazama. Mimi nimeapa. Nikatazama mbele kama mzungu. Tukapita.

Kule juu tulisimama, mjukuu akazima mashine, na ukimya ukanijaa masikioni. Ghuba yote ilikuwa chini yetu, kwa mbali meli imetulia upande wa bandari ya Mtwara. Mjukuu alimweleza bosi upepo unatokea wapi na miti ile inaitwaje, kwa sauti ya mtu wa kazi, wala hakubabaika. Bosi akatikisa kichwa taratibu kwa kukubali. Nikasema moyoni, tumepata. Lakini roho yangu nusu ilikuwa bado kule shambani, kwa yule aliyeshika kiuno.

Tuliporudi tukamkuta katikati ya njia. Ameleta kiti cha plastiki, amekikalia, beseni la mihogo mapajani, anamenya. Kushoto korongo, kulia mikorosho yake iliyofagiwa. Hakuna pa kupita.

Mjukuu akazima mashine, akashuka, akapiga goti palepale kando yake. "Shikamoo bibi."

"Shikamoo yako mpelekee aliyekufundisha kupita kwa watu kama mwizi wa kuku." Kisu hakikusimama. "Nani huyo uliyempakia?"

"Mgeni, bibi."

"Mgeni wa wapi?"

"Wa mbali."

"Wa mbali, na miguu hii?" Akanyoosha kisu kwenye ndala zangu. "Vidole vimetawanyika kama watoto waliosikia kengele ya kutoka. Visigino vya kubangulia korosho. Mzungu gani huyo? Miguu hii naijua tangu haijaoa."

Nikavikunja vidole. Jasho linanitiririka ndani ya kofia. Bosi akafika, akashuka, akauliza kwa adabu, "Mama, tunaomba njia. Kuna tatizo?"

"Njia ipo, mwanangu. Mimi nimekalia kiti, sikukalia njia."

Nikaona uso wa bosi unafunga kama duka. Akamwambia mjukuu wangu polepole, "Ni yale yale." Maneno hayo matatu tu. Nikajua kazi ya mtoto inakwenda, na inakwenda kwa sababu ya mdomo wangu, safari hii kwa kuufunga. Nikapeleka mikono kwenye kofia niivue, nimtukane yule bibi mpaka mbingu zisikie. Mjukuu akaugeuza mkono wake nyuma, akanibana goti: tulia.

Halafu akasimama wima. Sauti ya kazi akaiweka kando, akatoa nyingine ambayo sijui aliificha wapi.

"Bibi, tulipita kimya kwa kukuonea huruma. Tuliambiwa ukoo wenu mchana lazima mlale, maana usiku kucha mko macho mnaiba mihogo ya ukoo wetu. Na hiyo unayomenya, mbona naona ina sura ya shamba la bibi yangu?"

Kisu kikasimama. Bosi akashika mdomo. Hata mimi nilishtuka, maana sikuwahi kumfundisha. Nilidhani watoto hawa wa simu utani wameuacha kwetu sisi wazee, tufe nao.

Bikizee akamtazama juu mpaka chini. "Unasemaje?"

"Nasema na kiti hicho tukikigeuza chini tutakuta jina la msikiti wetu."

Hapo bibi akaangua kicheko, kile cha kutikisa beseni mpaka mihogo ikamwagika. "Alaa! Kumbe mdomo unao! Nilidhani ukoo wenu umebakiwa na huyu bubu mmoja tu. Akishakufa sisi tutamtukana nani? Nimekaa hapa nawaza, kanipita, hakunitazama wala hakunitukana, huyu kwao kuna maiti." Akanigeukia. "Vua hilo sufuria, nikuone kama uko hai."

Nikavua. Nikamwambia niko hai, na nitaishi ili nile matanga yake. Akasema alhamdulillahi, sasa roho imetulia.

Bosi alikuwa bado anatutazama mmoja mmoja. Mjukuu akataka kumweleza, bosi akamkatiza. "Usinieleze. Kwetu baba alipozikwa, watani walijilaza kaburini, hawakutoka mpaka tulipowapa mbuzi. Sikujua tu kwamba huku ninyi mnafungia watu na njia."

"Faini ipo," akasema bikizee. "Mbuzi sitaki." Kwanza akatukalisha kula mabibo. Bosi alikuwa na blauzi nyeupe. Nikamwonya, mama, maji ya bibo yakidondoka hapo hayatoki hata kwa dua. Akaniambia mzee acha, akainama mbele na kufyonza, na yakadondoka. Akalitazama doa lile, akacheka na kuchukua bibo jingine.

Halafu bikizee akainuka, akachomeka kisu kiunoni kwenye fundo la kanga, akaichukua kofia yangu akaivaa, akaenda kukaa mahali pangu nyuma ya mjukuu. "Hiyo ndiyo faini. Nipelekeni Mikindani."

Hakuna wa kumshusha. Mtani akishachukua, amechukua. Mimi nikapanda nyuma ya bosi, mikono sijui niiweke wapi, nikashika chuma. Mbele yetu bikizee anapiga kelele kila nyumba tunayopita: "Mnaona? Ukoo wao nimeununua wote, na gari lao!" Watoto wanakimbia nyuma, akina mama wanapiga vigelegele. Hakuna aliyekumbuka miiba. Mzee mmoja alisogeza baiskeli yake kutupisha na kumuuliza mjukuu wangu lini atapita tena.

Bosi akageuza shingo kidogo. "Mzee, huyu bibi akipitwa na wageni atataka matusi kila siku?"

"Kila siku. Asipotukanwa atarudisha kiti."

Akapunguza mafuta mteremkoni. "Basi hiyo kazi mimi siiwezi, na yule kijana asingeiweza. Aanze Jumatatu."

Nilitaka kumjibu kitu cha maana, kikaja kikohozi, kile nilichokibana tangu asubuhi. Nikakohoa mpaka barabarani.

Mikindani tulishuka wote isipokuwa bikizee. Alikaa vilevile, mikono mapajani, kioo cha kofia amekishusha. "Nimeshafika," akasema. "Sasa nirudisheni, mihogo yangu iko njiani inaliwa na kuku."

Mjukuu wangu akamtazama bosi. Bosi akaangalia doa kwenye blauzi yake, kisha akaashiria kilima kwa kidevu. "Mgeni hawezi kurudi kwa miguu. Mpeleke, na usimkimbize."

Kwa hiyo Jumatatu haikungojwa. Mgeni wa kwanza wa mjukuu wangu alikuwa na kisu cha mihogo kiunoni, na walipokuwa wanapanda kilima niliwasikia mpaka walipopotea kwenye mikorosho, wanatukanana.