Mwaka wa Kumbeba Mtoto Kando ya Mto

Mwaka ule nilikuwa natembea kando ya mto kila asubuhi, binti yangu mgongoni, nikiomba nisikutane na mtu wa kwetu.

Tulikuwa tumepanga chumba na sebule katika kijiji cha bandari ya zamani, hapo hapo Guangzhou, mwendo mfupi kutoka kwenye kumbi za maonyesho za Pazhou. Meli kubwa zilishahama kitambo. Yaliyobaki ni matishari ya mchanga, kivuko cha abiria na mashua chache za wavuvi zilizofungwa kwenye ngazi za mawe. Nilikuja China kwa ufadhili kusomea usafirishaji wa majini. Nikamaliza uzamili, nikaomba nafasi ya uzamivu, nikakosa. Wakati huo mke wangu alikuwa ameshafungua kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo, ofisi yake iko katikati ya jiji, mtaa wa Huanshi Zhonglu, na ni yeye mwenye kibali cha kazi. Mimi nilibadilishiwa viza, nikaandikwa mtegemezi wake. Afisa alinieleza neno hilo kwa upole, na kwa bahati mbaya Kichina changu kilitosha kulielewa.

Basi yeye alitoka mapema kwenda kuwapokea wateja wa Dar na Lubumbashi, awapeleke masoko ya Zhanxi kununua viatu na nguo, nami nikabaki na mtoto. Kigari chake hakikufaa kwenye vile vichochoro vya mawe, kwa hiyo nilimfunga mgongoni kwa kanga, kama mama yangu alivyonibeba Tanga.

Wenyeji hawakuona ajabu. Babu zao wenyewe walishinda pale mtoni wakisukuma vigari vya wajukuu. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini kwetu alikuwa akitukuta lazima amshike mtoto unyayo na kuninung'unikia, "Leng, leng," yaani baridi, hata siku ambazo jasho lilikuwa likinitiririka. Nilimpenda bibi yule. Aibu yangu haikutoka kwao. Wanafunzi wa Afrika Mashariki walizoea kuja kupiga picha kwenye bandari ile, na nikisikia tu Kiswahili kinakuja, nilikuwa naingia kichochoro cha karibu na kusimama humo mpaka wapite. Mtoto alidhani ni mchezo. Alikuwa akicheka.

Msimu wa maonyesho ya biashara ulipofika, baba mkwe alikuja. Anauza vifaa vya ujenzi Tanga, na alitaka kutazama vigae na mabomba. Tulimtarajia jioni. Akabadilisha ndege bila kutuambia, akachukua teksi, na asubuhi nikamkuta amesimama mbele yangu kwenye njia ya mtoni na sanduku lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Aliitazama kanga, kisha akatazama maji. "Mwenye kanga yuko wapi?"

"Yuko kazini, baba."

"Na wewe?"

"Mimi nipo na mtoto."

"Naona," akasema.

Usiku ule nilikuwa sebuleni nikimbembeleza mtoto. Jiko letu lilikuwa na pazia tu, halina mlango. Nikamsikia mzee humo anamwambia binti yake, "Mama, hebu nikuulize. Wewe umeolewa, au umeajiri?"

"Baba, punguza sauti," mke wangu akajibu.

Nililala na jibu lile. Swali nilikuwa nimelitarajia tangu asubuhi. Lakini mke wangu hakumwambia kwamba amekosea. Alimwambia apunguze sauti.

Siku za maonyesho mzee alikuwa akiondoka na mke wangu na kurudi naye. Chakula nilichopika alikigusa kwa adabu na kukisogeza. Maonyesho yalipokwisha, mke wangu akapata wateja wengine, akaniomba nimtembeze baba yake mtoni. Asubuhi hiyo mzee alijidunga sindano yake ya kisukari, na nilipomwekea uji akasema hana njaa. Sikumsihi. Ningemsihi angekuwa mtu mwingine.

Tukatoka. Alitangulia hatua kadhaa ili mtu asidhani tuko pamoja. Tulipokaribia gati la kivuko niliona mwendo wake umepinda. Akaanza kusema maneno yasiyoungana, kitu kuhusu mabomba, kisha akakaa chini kwenye ngazi za mawe, shati limelowa jasho. Nikajua sukari imeshuka. Nikaona suruali yake nayo inalowa, na maji yanashuka ngazi moja hadi nyingine.

Nilisimama. Ni kitambo kidogo tu, lakini nilisimama nikamtazama, na ndani yangu kilikuwapo kitu kitamu. Kila nikikumbuka asubuhi ile hapo ndipo ninapotamani kufunika uso.

Bibi jirani alikuwa amekaa karibu na gati na wenzake. Alifika kabla sijamwita, akanipokea mtoto, akatoa peremende mfukoni, na mwenzake akaleta kikombe cha maji ya miwa. Nikamnywesha mzee polepole. Ndipo nikasikia Kiswahili. Wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wanakuja na simu zao. Nikafungua kanga haraka, nikamfunika mzee kutoka kiunoni hadi miguuni, nikakaa kando yake kwenye ngazi ile ile iliyolowa.

"Kaka, habari? Mzee anaumwa?" mmoja akauliza.

"Hapana, amechoka tu na jua. Ni baba yangu. Tunapumzika."

Wakamwamkia, akawaitikia kwa sauti ndogo, wakapita.

Akili ilipomrudia vizuri tukaondoka, yeye amejifunga kanga, mkono wake begani kwangu, bibi nyuma yetu na mtoto. Nyumbani nilimwekea maji ya kuoga. Nikaifua ile suruali kwa mkono na kuianika dirishani ili ikauke kabla mke wangu hajarudi.

"Usimwambie," alisema kutoka bafuni.

"Simwambii, baba."

Jioni alikula wali na mchuzi wangu mpaka sahani ikawa tupu. Akaondoka baada ya siku chache, na kwenye uwanja wa ndege alinipa mkono bila kuniangalia.

Halafu mama yangu akapiga simu kutoka Tanga.

"Hongera mwanangu. Mbona mimi mama yako nasikia kwa watu?"

"Umesikia nini, mama?"

"Mkweo kasema mbele ya watu msikitini, eti wewe ni mkubwa bandarini huko. Anasema alikukuta kwa macho yake, asubuhi na mapema, upo bandarini kazini."

Mtoto alikuwa mgongoni akinivuta sikio.

"Kazi yenyewe ngumu?" mama akauliza.

"Kiasi, mama."

Akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina kila alipotua.

Mke wangu aliporudi nilimsimulia ile simu. Alicheka sana, akavua viatu, akacheka tena, kisha kicheko kikamwishia.

"Mwache," akasema. "Ametuonea haya."

Nilitaka kumuuliza yeye mwenyewe huwa anawaambia nini wateja wake, wakimuuliza mumewe anafanya kazi gani. Nikampakulia chakula.