Piko Kwenye Vidole vya Bi Mwanaisha

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wagonjwa mahututi wa moyo, sista mkuu alinipokea kwa amri moja: "Mashine ikikwambia kitu, mwangalie mgonjwa kwanza." Nilitoka hospitali ya Voi, nimezoea malaria na walioumwa na nyoka. Huko Nairobi nikakuta watu waliopasuliwa kifua, wanapumulishwa na mashine kwa tyubu iliyopita mdomoni. Nilitamani kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nyinyi mnaoanza uuguzi, jueni hili. Baada ya upasuaji mkubwa wa moyo, vifuko vya mapafu husinyaa na makohozi hujaa, kwa hivyo damu hupita bila kubeba oksijeni ya kutosha. Klipu ya kidoleni, inayopima oksijeni ya damu kwa mwanga, ndiyo hugundua kwanza.

Mwaka wa pili akaletwa mama wa kwetu Voi, Bi Mwanaisha. Alikuwa ametoka kumwoza binti yake, vidole vimepakwa piko, ile hina nyeusi, hadi kwenye kucha. Operesheni ilienda salama. Asubuhi nikamgeuza kumwogesha, na punde kipimo kikashuka: tisini na sita, themanini na nane, themanini na tatu. Mimi nikajifanya mjuaji, si nimekaa na Waswahili wa Voi maisha yangu yote? Piko inaziba mwanga wa klipu, basi. Nikazima kengele, nikaandika kwenye chati: "Piko."

Sista mkuu akapita, akasoma. "Alfajiri alikuwa tisini na sita. Hiyo piko amepakwa saa ngapi, ulipokuwa ukimwogesha?"

Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze. Akahamishia klipu sikioni: themanini na moja. Akasikiliza kifua, upande wa kushoto, kimya. Nilipomgeuza, tyubu iliteleza ikazama, hewa ikawa inaingia pafu la kulia peke yake. Daktari akaja mbio, akairudisha. Tukavuta makohozi, kisha mashine ikaongezwa ibakize hewa kidogo ndani kila anapotoa pumzi, vifuko visisinyae. Polepole, jicho kwenye presha, maana msukumo ukizidi huubana moyo. Nilimshika mkono nikiomba kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, mpaka kipimo kikapita tisini.

Sista hakunifokea. "Kesho utamgeuza tena wewe," alisema, "nami nitasimama hapa."

Sasa nimestaafu, niko Voi. Mwezi jana Bi Mwanaisha alinialika harusi ya mjukuu wake, naye akakaa mwenyewe kunipaka piko. Nikashindwa kuvumilia.

"Bi Mwanaisha, siku ile ulikosa pumzi, nami nikazima kengele. Nilisingizia piko. Nusura nikuue, dada yangu."

Akainama, akaendelea kupaka, kidole kwa kidole, akakiruka cha shahada.

"Na hiki?"

"Hicho nakuachia," akasema. "Siku ukilazwa, nesi asipate la kusingizia."